Shamba la Kijani Kando ya Gati

Kabla hujaendelea, naomba uuvumilie mwandiko wangu. Niliishia darasa la nane na kalamu naishika mara moja moja, kwa hivyo herufi zangu zimelala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. P na b hunichanganya mpaka leo, kama zinavyowachanganya wengi wa kwetu. Ukifika mahali neno halieleweki, lisome kwa sauti, utalipata. Mimi huandika polepole sana. Ukurasa huu wa kwanza peke yake umenichukua jioni mbili.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kiti. Juzi nilikuwa Kericho mjini kumnunulia mama dawa ya kifua, na kando ya barabara kulikuwa na mzee aliyepanga viti na vikapu vya kusukwa. Akanikaribisha niketi nione kiti kilivyo laini. Niliketi. Nikamwuliza kimesukwa kwa kitu gani. "Ni yale magugu ya ziwani," akasema. "Yanaanikwa, yakikauka yanasukwa kama kamba." Nilisimama kwa haraka, kiti kikaanguka nyuma yangu. Mzee akacheka, akafikiri nimeumwa na mdudu. Lakini nilikuwa nimeisikia harufu, hafifu sana, ya maji yaliyokaa mahali pamoja muda mrefu, na harufu hiyo ilinitoa pale barabarani ikanirudisha kwenye asubuhi moja nilipokuwa na miaka tisa.

Wakati huo tuliishi kambini, ndani ya shamba kubwa la chai upande wa Kabianga. Baba alikuwa mchumaji. Nyumba yetu ilishikana na ya Mama Atieno, na ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba hivi kwamba mtu akikohoa kwao, mama alikuwa anasema pole kwetu. Wao walikuwa watu wa ziwani. Baba Atieno alifanya kazi kiwandani, na Mama Atieno alikuwa na sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Samaki hakuwahi kuingia kwetu, kwa sababu mama hakuizoea harufu yake, lakini mdogo wangu Kibet, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa akivuka kwa jirani na kurudi na vidole vinavyonuka omena, wale dagaa wa ziwani, na mama alijifanya hasikii.

Likizo ya Desemba ilipofika, mama alikuwa na mimba kubwa na miguu imevimba. Mama Atieno akasimama mlangoni akasema, "Nipe hawa wawili niende nao nyumbani siku chache. Wewe upumzike, wao waone maji." Mama alifikiri siku nzima. Usiku alinifungia nguo zetu kwenye mfuko, akaniambia neno moja tu: "Huyu mtoto ni wako. Usimwachilie mkono."

Kwao Mama Atieno ni mji mdogo wenye bandari, ule ambao watu wa mijini huenda kula samaki na kupanda boti wakati wa likizo. Tulifika giza likiwa limeingia, kwa hivyo ziwa sikuliona. Nilisikia vyura tu, na joto. Kwetu Desemba unalala na blanketi mbili. Pale tulilala juu ya mkeka bila kitu, na bado shingo ilikuwa inatoa jasho.

Katika boma lile kulikuwa na jambo moja lililokuwa midomoni mwa kila mtu. Mdogo wake Mama Atieno, Ouma, alikuwa amepata kazi. Alikuwa kijana mwembamba aliyemaliza shule ya upili miaka miwili nyuma, na tangu hapo alikuwa akibeba makreti ya samaki kutoka kwenye boti, siku moja kazi ipo, siku tatu haipo. Sasa Baba Atieno alikuwa amezungumza na mkubwa wake kiwandani, na nafasi ilikuwapo kwenye sehemu ya kunyausha majani. Jumatatu Ouma angesafiri nasi kwenda Kericho. Mama yao mzee alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa lao. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa kwenye msumari, na hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu nalo na chakula.

Hiyo ilikuwa Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi Mama Atieno alimwita.

"Ouma! Watembeze hawa watoto waone mji kabla jua halijawa kali. Atieno anasukwa nywele, yeye atabaki. Na uwaangalie, unasikia? Hawa ni watoto wa watu."

"Dada, mimi ni mtu mzima."

"Mtu mzima tutamwona Jumatatu."

Tukatoka watatu. Bila Atieno, binti yake wa rika langu, nilijisikia kama nimevua nguo. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Mimi nilikuwa mtoto asiyeweza kumwomba mwenye duka chumvi bila kurudia maneno njiani mara kumi, na mahali pale hata Kiswahili changu kilikuwa kinakwama kooni. Nikaushika mkono wa Kibet kwa nguvu, yeye akawa anauvuta, anataka kumkimbilia Ouma ambaye alikuwa amempenda tangu jana.

Barabara ilikuwa inateremka. Pembeni kulikuwa na wanawake wanaotandaza omena juu ya nyavu, wakizisambaza kwa mkono kama mtu anayepaka ukuta kwa udongo. Kulikuwa na hoteli zilizochorwa samaki wakubwa wenye meno kama ya watu, na magari ya wageni yamejipanga nje, vioo vimejaa umande. Ouma alitembea mbele akisalimiwa kila upande. "Nifundisheni Kikipsigis," akatuambia. "Jumanne asubuhi nikikutana na mzee wenu njiani, nitasema nini?"

"Sema chamgei," Kibet akamjibu.

"Chamgei. Na yeye?"

"Atasema chamgei mising."

"Halafu?"

Kibet akafikiri. "Halafu atakuuliza ng'ombe wako."

"Hapo nimekwisha," Ouma akasema, akacheka mpaka akashika magoti.

Tulifika kwenye mitumba iliyotandazwa juu ya turubali. Ouma alichagua jaketi zito jeusi lenye manyoya shingoni, akalivaa, akafunga zipu mpaka kidevuni. Jasho lilimtoka papo hapo.

"Ouma, unaenda Ulaya?" fundi wa baiskeli aliyekuwa hapo karibu akamwuliza.

"Naenda Kericho."

"Kwani Kericho kuna theluji?"

"Kuna barafu inaanguka kutoka juu. Uliza hawa ndio wenyewe."

Wote wakanigeukia. Nikaangalia vidole vya miguu yangu. Kibet ndiye aliyejibu. "Inaanguka. Ilitoboa ndoo yetu."

"Umesikia? Inatoboa ndoo! Na wewe unataka niende na shati."

"Vaa basi. Lakini utalivua hapo kwenye kona, nakuambia."

Hakulivua. Alilinunua, akateremka nalo mpaka bandarini, uso unang'aa kwa jasho, mabega yamenyooka. Nilimtazama kwa nyuma nikafikiri, huyu sasa ni kama baba zetu, huyu ni mtu anayeenda kazini.

Hapo ndipo Kibet aliponivuta sikio chini akaninong'oneza kwa lugha yetu kwamba anataka kwenda haja.

"Ngoja," nikamwambia.

Tulipita kwenye mizani ya samaki. Akanivuta tena. "Ngoja." Nilimtafuta Ouma kwa macho, nikaandaa maneno. Lakini kwetu msichana hamwambii mwanamume mambo ya choo, hata kama ni ya mtoto. Na Ouma hakuwa mtu wa mbali, angekuwa jirani yetu, ningekuwa nikimwona kila siku. Tena kulikuwa na wageni wa likizo kando ya gati, wasichana wenye miwani ya jua na simu mikononi, wanapigana picha. Nikiwaza ule ukimya ambao ungefuata nikifungua mdomo, nikayameza maneno yangu.

Ouma alisimama kwenye kibanda cha mandazi. Msichana aliyekuwa akikaanga alikuwa anamfahamu. "Mnataka ngapi?" Ouma akatuuliza. Kibet akaonyesha vidole vitatu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikuwa ameshika suruali yake. Ouma hakuona. Alikuwa ameshamgeukia yule msichana.

"Hilo jaketi ni la nani?"

"La mtu anayefanya kazi kiwandani."

"Kiwanda gani? Cha kupika watu?"

Nikamvuta Kibet pembeni.

Sasa nataka unielewe vizuri. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka, mweupe, mzito, kama ule wa kwetu unaokaa juu ya chai mpaka saa tatu. Kando ya gati, pale ambapo mawe yaliishia, kulikuwa na shamba. Ndivyo nilivyoliona. Kijani kibichi, majani mapana yanayong'aa, yamejaa bila nafasi na yamelingana juu kana kwamba yamekatwa kwa kisu kimoja, yanaenda mpaka yanaingia kwenye ukungu. Hapa na pale kulikuwa na maua ya zambarau kama ya viazi. Ndege weupe wenye miguu mirefu walikuwa wanatembea juu yake polepole. Mbele kidogo kulikuwa na boti yenye watu wawili, imekwama katikati ya yale majani, na mimi nikafikiri, kumbe watu wa huku huegesha boti zao shambani. Nilikuwa natafuta ziwa kwa macho na silioni. Nikajiambia liko mbali, nyuma ya ukungu.

Na kwetu, mtoto akibanwa, hatafutiwi choo. Anaingia kwenye chai. Anapita kati ya mistari miwili, anachuchumaa, majani yanamfunika, anatoka. Watoto wote wa kambini walifanya hivyo, na mimi nilikuwa nimempeleka Kibet kwenye chai mara ambazo siwezi kuhesabu. Kwa hivyo nilifanya kama kila siku. Nilimwachilia mkono, nikamwonyesha kwa kidole.

"Ingia hapo katikati. Usiende mbali."

Kibet hakutaka. Hilo nalikumbuka. Alisimama ukingoni akatazama miguu yake, akasema, "Hakuna njia." Chai huwa na njia. Mimi niligeuza kichwa kuona kama Ouma anatuangalia, nikamsukuma kidogo begani. "Ingia haraka, watu wanaona."

Hatua ya kwanza ilimshika. Ya pili majani yalicheza, kama godoro. Ya tatu akaingia chini, bila sauti, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Majani yakarudi yakafunga. Yalitikisika kidogo, yakatulia, na shamba likawa shamba tena. Ndege hawakuruka hata.

Nilifungua mdomo. Nimejaribu kuwaeleza watu wawili watatu maishani mwangu jinsi ilivyokuwa na sijawahi kuweza. Sauti haikuwapo. Nilijua neno, nilijua jina lake, nilijua Ouma yuko hatua ishirini kutoka hapo. Nilisimama tu nimeangalia mahali pale, bila kupepesa macho, kwa sababu nilihofia nikipepesa nitapapoteza.

Aliyepiga kelele ni mwanamke aliyekuwa akifua nguo kwenye mawe. "Nyathi! Nyathi odonjo e pi! Mtoto ameingia majini!"

Nilisikia viatu. Ouma alinifikia na jaketi lake, mandazi yakaanguka. Akanishika mabega. "Wapi? Wapi?" Nikanyoosha kidole. Akaruka vile vile alivyokuwa.

Maji yalimfika kifuani, halafu shingoni. Alikuwa akitenganisha magugu kwa mikono na yalikuwa yakirudi, na jaketi lilikuwa limekunywa maji, linamvuta. Wale wawili wa kwenye boti walikuwa wakipiga makasia lakini boti haikusogea. "Vua hiyo nguo!" mmoja akapaza sauti. "Ouma, vua!" Hakuwa na nafasi ya kuvua. Akazama. Sasa hata yeye hakuwapo. Mmoja wa wasichana wa likizo alikuwa ameinua mkono wenye simu. Nakumbuka niliona mkono huo kuliko kitu kingine chochote.

Alipotoka alikuwa na mizizi myeusi kichwani kama nywele za mtu mwingine, na mkononi alikuwa na sweta nyekundu, na ndani ya sweta alikuwemo Kibet. Walimpokea juu ya mawe, wakamlaza kifudifudi, yule mwanamke wa kufua akampiga mgongoni mpaka maji yakamtoka, na mwisho kilio. Sijawahi kusikia kilio kizuri kama hicho. Niliketi chini.

Habari hukimbia haraka katika mji mdogo. Mama Atieno alifika bila kitambaa kichwani, kiatu kimoja mguuni. Alimkumbatia Kibet kwanza, akampapasa kichwa, mikono, tumbo, kana kwamba anahesabu viungo. Halafu akainuka.

"Nilikupa watoto wawili. Wawili, Ouma! Si kumi."

"Dada, niligeuka kidogo tu."

"Kidogo! Kwani mtoto anataka muda gani kufa? Huko nyumbani mama yake ana mwingine tumboni. Ningeingia kwake niseme nini? Niseme uligeuka kidogo?"

Jaketi lilikuwa chini linatoa maji kama ng'ombe aliyetoka joshoni. Mama Atieno akanigeukia, akachuchumaa mbele yangu, sauti yake ikawa ndogo. "Mama, usiogope. Niambie. Mlifikaje pale? Ouma alikuwa wapi?"

Watu wote wakasogea. Hapo ndipo sauti yangu iliporudi. Nilikuwa nimeitafuta muda wote ule na ilikuja wakati huo, nyembamba lakini safi, kila mtu aliisikia.

"Alikuwa anaongea na yule msichana."

Sikusema uongo. Unaweza kuligeuza neno hilo uone, hakuna uongo ndani yake. Lakini niliona uso wa Ouma, nikaona uso wa Mama Atieno ukifunga. Yule msichana wa mandazi akajifunika mdomo kwa kanga yake.

"Sawa," Mama Atieno akasema, na akatoa simu. Alimpigia mume wake pale pale, juu ya mawe. "Baba Atieno, ile nafasi mpe mtu mwingine... Ndiyo, nimesema mwingine. Kule kwenu kuna mashine zinazokata mkono wa mtu aliyegeuka kidogo. Sitaki uweke jina lako rehani kwa ajili ya huyu."

"Dada," Ouma akasema. Mara moja tu.

Tulipanda kurudi nyumbani. Ouma alimbeba Kibet mgongoni, kwa sababu Kibet alikataa kubebwa na mtu mwingine. Karibu na lango alipunguza mwendo akasubiri nifike. Akaniuliza taratibu, bila hasira, "Chelangat, mlikuwa mnaenda wapi pale?" Nilikuwa na nafasi. Hakukuwa na mtu mwingine, na Kibet alikuwa amesinzia mgongoni. Nikaangalia chini. Akasubiri hatua kama kumi hivi, akasema, "Basi," akaingia.

Jumapili tulienda kanisani, na mchungaji, ambaye hakuwa ameambiwa, akamwita Ouma mbele aombewe kwa safari yake. Alienda. Alisimama na shati lake jeupe, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba safari haipo tena, lakini wamshukuru Mungu kwa sababu ya mtoto. Watu wakapiga makofi. Mama yake mzee hakupiga. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nne, nikawa nahesabu vifungo vya mwanamke aliyekaa mbele yangu.

Jumatatu tulisafiri bila yeye.

Nyumbani Kibet hakunitaja. Wakimwuliza alikuwa akisema aliteleza, na baada ya muda nafikiri aliamini hivyo. Hadithi ikawa hadithi ya kambi. Jioni wakati wa kupika, Mama Atieno alikuwa akiisimulia na watu wakicheka, jinsi ndugu yake alivyonunua jaketi la Kericho akaogelea nalo, akamwacha mtoto kwa ajili ya mandazi. Kila alipoisimulia nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji. Watu walisema, huyu Chelangat ana haya sana, hata hadithi inayomhusu hawezi kukaa nayo. Nimekua na sifa hiyo. Wazazi wa wasichana wengine huwaambia wawe watulivu kama mimi.

Sasa tuko kwenye shamba letu wenyewe, robo tatu ya ekari, juu kidogo ya kambi, na mimi ndiye ninayechuma. Kule kwenye shamba kubwa mashine zimeshika kazi ya mikono mingi na nyumba nyingi kambini zimebaki na kufuli. Wiki iliyopita zamu ya Mama Atieno ilifika. Baba Atieno amestaafu, wanarudi kwao. Nilienda kusaidia kufunga vyombo, na lori lilipoingia, aliyeruka kutoka nyuma kupakia mizigo alikuwa Ouma.

Amenenepa. Ana ndevu, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki, sijui ni kwa kazi gani. Alinitazama, akamtazama Kibet ambaye sasa ni mrefu kuliko yeye, akacheka kwa nguvu. "Huyu ndiye yule wa maji? Nimekuvua mimi, unajua? Wewe ni samaki wangu!" Wakakumbatiana. Kibet akaenda kubeba kabati na wengine, tukabaki mimi na Ouma kando ya lori. Alikuwa anafunga vitanda kwa kamba.

Nilisema. Nilisema kwa sauti ndogo hivi kwamba ilibidi ainame.

"Anko, ni mimi nilimwambia aingie."

"Nani?"

"Kibet. Alitaka kwenda haja. Niliona ni shamba. Alikataa, nikamsukuma."

Mikono yake ikasimama juu ya fundo. Halafu ikaendelea. Alifunga fundo, akalikaza kwa goti, akaanza lingine.

"Na mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Siku ile, sawa. Ulikuwa mtoto." Akavuta kamba. "Na miaka hii yote?"

Alitazama upande wa nyumba ambako dada yake alikuwa akipokezana sufuria na majirani, sauti yake ikijaa kambi yote kama zamani.

"Ile kazi ningeipenda," akasema. "Ningeipenda sana." Kisha, bila kunitazama: "Yeye anajua?"

"Hapana."

"Nenda umwambie. Sasa, kabla hajapanda gari."

Nilienda. Kutoka kwenye lori mpaka mlangoni ni hatua chache, na nilizitembea nikiwa na neno la kwanza tayari mdomoni. Mama Atieno aliponiona alitupa mikono akanikumbatia, akaanza kulia kwenye shingo yangu. "Mwanangu huyu. Mwanangu mtulivu. Nani atanipikia chai yenye maziwa kama yako?" Akanipa beseni lake la bluu, na blanketi, na picha ya Atieno akiwa na mtoto wake. Mikono yangu ikajaa. Akanishika mashavu. Nilimtazama machoni, nikafungua mdomo, na ikawa kama pale ukingoni, sauti haikuwapo.

Dereva akapiga honi. Mama Atieno akapanda mbele. Ouma alikuwa juu ya mizigo, ameketi kwenye godoro, ananitazama. Akainama karibu na dirisha la mbele.

"Dada, huyu msichana amekuambia?"

"Ameniambia nini?"

Ouma alisubiri. Alinisubiri kama alivyonisubiri siku ile karibu na lango, na wote wawili walikuwa wananitazama, na beseni lilikuwa mikononi mwangu.

"Kwaheri," Ouma akasema mwishowe. "Nilifikiri amekuambia kwaheri."

"Huyu?" Mama Atieno akacheka huku anajifuta machozi. "Huyu hajawahi kusema kitu tangu azaliwe!"

Lori likaondoka.

Kwa hivyo nimeamua kumwandikia barua, kwa sababu mkono wangu, hata ukiwa mbaya, unasikika kuliko koo langu. Nimeanza mara nne. Nikianza na salamu, salamu zinajaza ukurasa. Nikianza na kuomba msamaha, naona nimeomba kabla hajajua ni wa nini. Nikianza na Ouma, naona kama namsingizia tena. Wewe unayesoma huenda ni wa umri wangu, na huenda nawe uliwahi kukaa kimya mahali fulani mtu akabeba mzigo wako. Kama uliwahi kusema baadaye, niandikie uniambie ulianzaje. Usijali mwandiko, umeshauona wangu. Sihitaji barua ndefu, nipe mstari wa kwanza tu. Ile mingine naijua.